Kama wakulima wasingetia sahihi Weingarten

Swali la msomaji: "Kwenye darasa la kipaimara tulifundishwa kwamba Martin Luther aliwakemea wakulima wa Ujerumani walioasi, na wakauawa kwa maelfu. Habari ikaishia hapo. Je, walikuwa na nafasi yoyote ya kushinda? Na kama wangeshinda, Ujerumani ingekuwa jamhuri miaka mia nne kabla ya wakati wake? Matengenezo ya Kanisa yangeelekea wapi?"

Nafasi ilikuwapo, tena ya kweli. Shida ni kwamba wengi wanaitafuta mahali ambapo haikuwapo. Ukitaja uasi wa 1525, mtu atakusimulia habari za Thomas Müntzer, mhubiri aliyewaongoza wakulima wa Thuringia, na vita vya huko Frankenhausen: kilima, bendera yenye upinde wa mvua, wakulima wakiimba wimbo wa kumwita Roho Mtakatifu huku mizinga ya watawala ikianza kunguruma. Ni picha isiyotoka kichwani. Lakini siku ile, 15 Mei, kazi ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza. Upande wa wakulima walikufa watu wapatao 6,000, na upande wa pili waliokufa unawahesabu kwa vidole. Vita vya namna hiyo havina cha "ingekuwaje".

Rudi nyuma wiki nne, kisha shuka kusini, karibu na Ziwa Konstanz, kwenye monasteri ya Weingarten. Ni Jumatatu ya Pasaka, 17 Aprili 1525. Pale wakulima ndio walioshika mpini na mabwana wameshika makali, na bado wakulima ndio walioachia.

Nitafika huko. Tuanze na konokono.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1524, kwenye siku za sikukuu ya Mtakatifu Yohane mwezi Juni, mke wa bwana wa Stühlingen, kusini kabisa jirani na Uswisi, aliwaamuru wakulima wake waache kazi za shamba wakamwokotee maganda ya konokono, apate cha kuzungushia nyuzi zake. Kama kisa hiki kilitokea hivyo hivyo au kilinogeshwa na wasimulizi si neno, maana hata bila konokono maji yalikuwa yameshazidi unga. Mkulima alitoa zaka ya nafaka, akatoa na zaka ndogo ya mifugo na mboga. Alikuwa na siku za kumlimia bwana bure. Msitu ambao babu yake alikata kuni, na mto ambao babu yake alivua samaki, sasa vilikuwa vya bwana. Na baba wa nyumba akifa, mtu wa bwana alifika kabla machozi hayajakauka, akapita zizini, akachagua mnyama aliye bora kuliko wote akaondoka naye. Jaribu kumwona mjane amesimama mlangoni akimtazama ng'ombe wake wa maziwa akiswagwa kwenda kwa abati, mkuu wa monasteri. Huko Kempten, abati alikuwa akiwasukuma hata wakulima waliozaliwa huru waingie katika utwana.

Machi 1525, wajumbe wapatao 50 wa makundi matatu ya wakulima walikutana katika mji wa Memmingen. Huko ndiko zilikotoka zile Ibara Kumi na Mbili, ambazo kwa kawaida hutajwa kuwa kazi ya Sebastian Lotzer, fundi wa ngozi za manyoya, akisaidiwa na mhubiri Christoph Schappeler. Ndani ya miezi miwili zilichapwa nakala zinazokadiriwa kufika 25,000, jambo kubwa kwa enzi ambayo wengi hawakujua kusoma. Ibara ya kwanza inataka kila jumuiya imchague mchungaji wake na kumwondoa akienda kombo. Ya tatu inasema Kristo alimkomboa kila mtu kwa damu yake, mchunga mifugo sawa na mkubwa, kwa hiyo hakuna anayepaswa kumilikiwa na mwingine. Halafu hapo hapo inaongeza kwamba hawataki kuishi bila mamlaka. Na ya kumi na mbili inasema: mkituonyesha kwa Maandiko kwamba ibara yoyote ni kosa, tutaifuta.

Hapo sehemu ya kwanza ya swali lako imeshajibiwa. Hawa hawakuwa watu wa kuanzisha jamhuri ya Ujerumani. Ujerumani yenyewe haikuwapo kama nchi. Kulikuwa na Dola Takatifu la Kiroma, mamia ya himaya za madyuki, maaskofu wenye majeshi, maabati na miji iliyojitawala, wote chini ya jina la Kaizari Karl wa Tano, ambaye wakati huo alikuwa Hispania. Mkulima wa Allgäu, eneo moja la kusini, alipigania Allgäu. Alitaka haki yake ya zamani irudi, sasa ikiwa na Biblia nyuma yake.

Sasa Weingarten. Mabwana wa kusini walikuwa na jeshi moja la maana, la Shirikisho la Schwaben, umoja wa mabwana na miji ya kusini, chini ya Georg Truchsess von Waldburg. Tarehe 4 Aprili alikuwa amewasambaratisha wakulima wa Leipheim kando ya mto Donau. Akashuka kusini kwa kujiamini, akakutana na Kundi la Ziwa, yaani wakulima wa kando ya Ziwa Konstanz, na hili lilikuwa jambo jingine kabisa. Walikuwa watu wapatao 12,000 dhidi ya elfu saba au nane wa Truchsess. Wamejipanga mahali pa juu, wana mizinga, na wengi wao waliwahi kuwa mamluki katika vita vya Italia, kwa hiyo walijua kushika mkuki mrefu na kusimama kwenye mstari bila kukimbia. Wenzao wa Allgäu na Hegau hawakuwa mbali. Truchsess hakuwa mjinga. Aliangalia kilima, akaangalia askari wake, akaomba mazungumzo.

Mapatano yakapatikana: wakulima wasalimishe bendera, wavunje umoja wao na warudi nyumbani, na malalamiko yao yatasikilizwa na wasuluhishi. Wakatia sahihi.

Wanafunzi hunikasirikia nikifika hapa. "Walikuwa wapumbavu kiasi gani?" Hapana, soma tena ile ibara ya kumi na mbili. Watu hawa tangu mwanzo walikuwa wanaomba kesi isikilizwe, na sasa wamepewa baraza la kusikiliza kesi. Isitoshe ni Aprili, shamba linasubiri. Na Kundi la Ziwa lilikuwa limefika kwa ajili ya mambo ya kwao, si kwa ajili ya wakulima wa Württemberg au Franken, majimbo ya kaskazini zaidi, ambao hawajawahi kuwaona.

Truchsess, akiwa sasa hana adui mgongoni, akapanda kaskazini. Tarehe 12 Mei alivunja kundi la Württemberg huko Böblingen. Tarehe 2 Juni ikawa Königshofen, na siku mbili baadaye Ingolstadt, kijiji cha Franken, si ule mji wa Bayern wenye jina hilo hilo. Tarehe 8 Juni akaingia Würzburg. Mwezi Julai alirudi kusini kuwamaliza wa Allgäu. Ni jeshi lile lile, likila kundi moja moja. Makadirio ya waliokufa katika uasi mzima hufika 70,000, na wengine husema 100,000.

Kwa hiyo badilisha jambo moja tu: Jumatatu ile wasitie sahihi. Wasukumane na Truchsess wakiwa juu ya kilima, wamvunje. Baada ya hapo kusini kote hakuna jeshi jingine, na kwa wiki kadhaa hakuna pa kulitoa.

Kuna wanaopenda kubadilisha Pavia badala ya Weingarten, nao wana hoja. Tarehe 24 Februari majeshi ya Kaizari yalimteka mfalme wa Ufaransa huko Pavia, Italia, na hilo liliwaumiza wakulima mara mbili. Kwanza, mamluki waliokuwa Italia wakapata nafasi ya kurudi kutafuta ajira nyumbani. Pili, Ulrich, dyuki aliyefukuzwa Württemberg mwaka 1519, mwezi Machi alikuwa amefika hadi malango ya Stuttgart na jeshi la Waswisi wa kukodiwa. Habari za Pavia zilipofika, Waswisi wakaitwa kwao, naye akabaki mikono mitupu. Mpaka siku ile Truchsess alikuwa ameshikwa na Ulrich, sasa akawa huru kuwageukia wakulima. Lakini ukiibadilisha Pavia umeibadilisha Ulaya nzima, na hapo unaweza kusema lolote upendalo. Weingarten inatosha.

Nini kingefuata? Miji kwanza. Watu wa mijini walikuwa wakipima upepo. Heilbronn na Rothenburg ziliwafungulia wakulima milango, na Würzburg ikaungana nao. Mchongaji mashuhuri Tilman Riemenschneider, aliyekuwa diwani huko, alilipia hilo kwa kufungwa na kuteswa. Lakini Ulm, Augsburg na Nürnberg, miji yenye fedha na maghala ya baruti, haikuwa na hamu ya mkulima kujipangia bei ya nafaka. Baada ya ushindi wa Weingarten nadhani Ulm ingetafuta mapatano upesi, maana ndiyo iliyokuwa karibu na moto. Augsburg ingechelewa. Huko aliishi Jakob Fugger, tajiri aliyegharimia uchaguzi wa Kaizari mwaka 1519 na ambaye fedha zake zilisaidia kulipa jeshi la Truchsess. Mtu kama huyo halali mpaka deni limerudi.

Adui aliyebaki baada ya Truchsess angekuwa mwezi wa Julai. Jeshi la wakulima ni jeshi linalopaswa kuvuna. Ndiyo maana ngome ya Marienberg inayotazama Würzburg iliwaponza sana katika historia ya kweli: Mei nzima maelfu ya watu walikaa chini ya kuta zake bila mizinga ya kutosha kuzibomoa, na shambulio la usiku wa 15 Mei likaishia mitaroni. Hata wangeshinda Weingarten, wangehitaji mkataba kabla ya mavuno, au fedha za kukodi mamluki wa kulinda walichokipata. Fedha za monasteri zingewasaidia kwa msimu mmoja, pengine miwili.

Usisahau pia kwamba siku moja kabla ya mapatano, Jumapili ya Pasaka, huko Weinsberg wakulima walimpitisha Count Ludwig von Helfenstein katikati ya safu mbili za mikuki mpaka akafa, mkewe akiomba ahurumiwe. Mkewe huyo alikuwa binti wa nje ya ndoa wa Kaizari Maximilian aliyetangulia. Damu hiyo ingebaki kati ya pande mbili hata kama vita vyote vingekwenda vizuri.

Hata hivyo mwaka 1526 ungewafaa wakulima. Ndugu yake Kaizari, Ferdinand wa Austria, alikuwa ndiye mtawala wa jirani mwenye nguvu. Agosti mwaka huo Waturuki waliivunja Hungaria huko Mohács, na mwaka 1529 walikuwa mbele ya Vienna. Ufaransa nayo ilikuwa imerudi vitani dhidi ya Kaizari. Ferdinand alihitaji askari na kodi kuliko alivyohitaji kulipiza kisasi. Hata katika historia ya kweli, wakulima wakiwa wameshapigwa, bunge la Dola lililokutana Speyer kiangazi cha 1526 lilijadili malalamiko yao. Wakiwa hawajapigwa, na wana mikuki elfu ishirini ya kuahidi dhidi ya Waturuki, naamini wangepata barua yenye muhuri: utwana umefutwa, zaka ibaki kijijini, mchungaji achaguliwe, nao watambue Kaizari na walipe kodi.

Kilichopo hapo si jamhuri. Ni Uswisi ya pili, kutoka Ziwa Konstanz hadi pengine mto Main. Watu wa wakati huo walikuwa na neno lao kwa jambo hilo: "kugeuka Waswisi". Mabwana walilitaja kwa hofu, wakulima kwa matumaini. Walio karibu zaidi na ndoto yako ni Wendel Hipler, aliyewahi kuwa karani wa mabwana wa Hohenlohe, na wenzake waliopanga mkutano Heilbronn mwezi Mei. Mpango uliotayarishwa kwa ajili yake ulitaka fedha ya aina moja, vipimo vya aina moja, ushuru wa barabarani uondolewe, na wasomi wa sheria za Kiroma watolewe mahakamani. Mambo mengine katika orodha hiyo Ujerumani iliyapata karne ya 19. Lakini hata Hipler na wenzake walimwacha Kaizari juu.

Aliyekwenda mbali kuliko wote ni Michael Gaismair wa Tirol, aliyekuwa mwandishi wa askofu wa Brixen. Katika rasimu yake ya 1526 kuta za miji zinabomolewa ili kusiwe na mji wala mtu wa mjini, migodi inanyang'anywa akina Fugger, mabwawa yanakaushwa yalimwe. Nampenda kwa ujasiri wake, ila nisingetaka kuwa muuza duka chini ya utawala wake. Aliuawa na wauaji wa kukodiwa huko Padua mwaka 1532.

Hili la Uswisi ya pili silitoi hewani. Ng'ambo ya mpaka, katika milima ya Graubünden, mambo waliyoyaomba wakulima wa Schwaben yalifanyika kweli. Juni 1526, mjini Ilanz, jumuiya za huko zilimnyang'anya askofu wa Chur madaraka yake ya kidunia, zikafuta zaka ndogo, na kila jumuiya ikapewa haki ya kumchagua mchungaji wake na kumwachisha. Halikufuata gharika. Vijiji vingine vikachagua mhubiri wa matengenezo, vingine vikabaki na padri, na jirani akaishi na jirani, wakigombana mara kwa mara. Utaratibu huo wa jumuiya ulidumu hadi siku za Napoleon.

Lakini Graubünden hiyo hiyo, tangu 1512, iliitawala Valtellina upande wa Italia kama koloni, ikipeleka maofisa wake kukusanya kodi kwa watu wasio na kura. Na huko Uswisi, mwaka 1653, wakulima wa Luzern na Bern waliasi. Mabwana waliowaasi safari hii walikuwa madiwani wa miji yenyewe. Wakapigwa, na kiongozi wao Niklaus Leuenberger akakatwa kichwa Bern. Kwa hiyo ukiniuliza mjukuu wa mkulima aliyeshinda Weingarten angeishije, nasema ng'ombe asingechukuliwa siku ya msiba, na hilo si dogo. Lakini angekuwa mahakamani na Ulm kuhusu msitu.

Kuhusu Müntzer nitasema kifupi. Ujerumani Mashariki ilimweka kwenye noti ya mark 5, na pale Frankenhausen ikajenga jumba zima kwa ajili ya mchoro mmoja wa Werner Tübke wenye urefu wa mita 123, uliofunguliwa Septemba 1989, wiki chache kabla ya Ukuta wa Berlin kufunguka. Ushindi wa kusini usingemwokoa. Philipp wa Hessen na Georg wa Saxony, watawala waliompiga, walikuwa na majeshi yao wenyewe, na Thuringia ilikuwa mbali.

Tunabaki na Luther. Baada ya 1525 kanisa lake liliegemea watawala zaidi na zaidi: wao ndio waliotuma wakaguzi parokiani, wao ndio waliosimamia mali ya monasteri. Kusini yenye jumuiya huru ingekuwa na matengenezo ya aina nyingine, yanayofanana na ya Zwingli, kiongozi wa matengenezo huko Zürich, Uswisi, mchungaji akichaguliwa na watu anaowazika na kuwabatizia watoto. Kaskazini Luther angebaki Wittenberg chini ya dyuki wake, na matengenezo hayo mawili yangegombea nafsi za watu kwa miaka mingi. Wamisionari wa Kijerumani walioleta Ulutheri Tanganyika walitoka katika makanisa yaliyozoea kusimamiwa na watawala kwa karne tatu na zaidi. Kama Weingarten ingekwenda vingine, pengine kipaimara chako ungefundishwa na mchungaji wa mapokeo mengine.

Na usidhani kushinda kwao kulionekana muujiza wakati ule. Mlinzi wa Luther, Friedrich wa Saxony, tarehe 14 Aprili, siku tatu kabla ya Weingarten, alimwandikia ndugu yake kwamba huenda maskini wamepewa sababu ya kuasi, na kwamba kama Mungu anataka mtu wa kawaida atawale, basi itakuwa hivyo. Alikuwa mgonjwa. Alifariki tarehe 5 Mei.

Luther naye alipoupata mkataba wa Weingarten aliufurahia mno. Aliuchapisha Wittenberg pamoja na maneno yake mwenyewe, akiuita neema ya pekee ya Mungu, mfano wa kuigwa na wakulima wengine. Mwezi huo huo wa Mei lilitoka andiko lake jingine, lile la ukali mliloambiwa kwenye kipaimara. Wakati wachapishaji wanapanga herufi za yote mawili, Truchsess alikuwa njiani kuelekea Böblingen.